Mpango wa miaka mitano hauzuii shule kupanga kila nusu muhula

"Mpango mkakati tunao, unaisha 2027." Kauli hii naisikia kwa wenye shule binafsi ninaowashauri Dar es Salaam, kuanzia Goba na Kinyerezi mpaka Kigamboni. Mara nyingi faili lenyewe liko kabatini kwa mkuu wa shule na walimu hawajawahi kulifungua. Chini ya kauli hiyo kuna dhana kwamba kupanga ni kazi ya mara moja kila miaka mitano, na anayerekebisha mpango katikati hana msimamo.

Si kweli, na ushahidi tunao hapa hapa. Chukua shule iliyojiwekea mwaka 2022 lengo la kuingia kumi bora kitaifa. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka Januari 2023, Baraza la Mitihani (NECTA) halikutangaza tena kumi bora. Januari 2024 mtaala mpya ukaanza kwa darasa la kwanza na la tatu. Elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, kwa hiyo mwaka 2027 wanafunzi wa darasa la sita na la saba watahitimu pamoja. Shule ya msingi iliyozoea ada za madarasa saba itabaki na sita, na sekondari zitapokea rika mbili kwa mkupuo mmoja 2028. Mpango ulioandikwa 2022 unayapangia wapi haya? Halafu mtu ananiambia tusiuguse mpaka uishe!

Dira ibaki ya miaka mitano, hilo sina ugomvi nalo. Kazi ipangwe kwa vipande vinne ambavyo likizo zimeshatukatia ndani ya mwaka, yaani nusu muhula kila kimoja, na kila kipande kibebe jambo moja tu. Tuseme watoto wa darasa la pili wanasoma kwa kusuasua. Usikimbilie kuagiza vitabu vya shule nzima. Chagua mkondo mmoja, wasome kwa sauti dakika 20 kila asubuhi baada ya paredi. Wiki ya kwanza na ya mwisho mwalimu amsikilize kila mtoto kwa dakika moja na kuandika idadi ya maneno aliyoyasoma sawasawa. Mkondo wa pili nao upimwe vivyo hivyo, bila zile dakika 20. Kabla ya kufunga shule, mwalimu wa taaluma akae na walimu wa mikondo yote miwili waamue: tunaendelea, tunarekebisha au tunaacha. Namba hizo ziandikwe kwenye karatasi moja, ibandikwe ofisi ya walimu. Karatasi hiyo naing'ang'ania kwa kila mteja, kwa sababu mpango usiotosha kwenye ukurasa mmoja hautekelezwi na mtu.

Wengine wanaamini ubunifu ni tableti na ubao wa kielektroniki. Kuhamisha kikao cha wazazi kutoka Jumatano asubuhi kwenda Jumamosi ni ubunifu pia, ikiwa wazazi wenye maduka na ajira mjini wataanza kufika.

Wapo wanaoogopa wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule wa serikali. Mtaala ni wa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), huo usiuchezee. Lakini mbinu za kufundishia kusoma, taarifa kwa wazazi na ratiba ya kulipa ada kwa awamu viko mikononi mwako. Tunza kumbukumbu, wakija waonyeshe.

Na ile ya "walimu wetu hawapendi mabadiliko" inaniudhi kweli, maana inawasingizia watu wanaofanya kazi. Walimu wanachoshwa na mambo kumi yanayotangazwa Januari bila wao kuulizwa, kisha yanafifia kimyakimya ifikapo Machi. Mwalimu wa darasa la kwanza anajua mapema kuliko bodi ni watoto gani hawajashika herufi. Mwache yeye na wenzake wachague jambo la kipande kinachofuata. Na Juni ikifika bila namba za mkondo hata mmoja, ahirisha kikao cha bodi mpaka zipatikane.