"Ni utani tu wa watoto"

Wengi huamini kwamba mtoto akimdhihaki mwenzake kwa rangi yake bila nia mbaya, huo si ubaguzi. Imani hiyo inaeleweka. Watoto hutaniana kutwa. Lakini nia husaidia kuamua mkosaji aonywe au afunzwe vipi, haifuti maumivu. Mtoto anayeshikwashikwa nywele kila siku hadi anaanza kuja shuleni na kofia hajali kama ulikuwa udadisi tu.

Shule makini huandika maneno yenyewe yaliyotamkwa, siku hiyohiyo, na humsikiliza aliyeumizwa faraghani, bila kumlazimisha kupeana mkono papo hapo. Wazazi wa pande zote huarifiwa.

Mzazi, omba sera ya nidhamu uone kama ubaguzi umetajwa. Uliza pia matukio huandikwa wapi. Daftari tupu halinitulizi: huenda hakuna anayeandika.