Mama mdogo, Candy Crush na banda la gemu Mwanjelwa

Ilikuwa Juni, baridi ya Mbeya imeshika kisawasawa, mama mdogo akanipigia simu kutoka Uyole. Mwanawe wa kidato cha pili ameonekana kwenye banda la gemu Mwanjelwa, na jirani aliyeleta habari aliileta kwa sauti ya kuleta msiba. "Njoo uongee na mdogo wako kabla hajaharibika." Nikapanda daladala. Nilimkuta mama mdogo jikoni, kajifunika kitenge, kasogelea jiko la mkaa, kainamia simu. Alikuwa anapanga peremende za rangi kwenye gemu ya Candy Crush. Hatua ya mia tatu na kitu.

Sikumcheka. Mimi mwenyewe nimekaa miaka miwili kwenye banda la kaka yangu nikikusanya mia tano mia tano na kukimbilia luku inapokata. Maneno ya mama mdogo kuhusu gemu ndiyo yaleyale yaliyokuwa yakitupwa mlangoni pale kila jioni, nayataja hapa moja moja. Mengi si kweli. Machache yana ukweli, ila watu wanautafuta mahali usipo.

"Gemu ni mambo ya watoto"

Umaarufu zilianza kuupata baa. Mwaka 1972 kampuni changa ya Atari iliweka mashine ya Pong, vijiti viwili na kitone kinachodunda katikati, kwenye baa moja ya mji wa Sunnyvale, California. Haukupita muda mashine ikagoma. Fundi alipoifungua hakukuta ubovu wowote: kisanduku cha sarafu kilikuwa kimejaa hadi kufurika. Walioijaza ni watu wazima wenye bia mkononi, watu wa aina ileile wanaozunguka meza ya pool huku kwetu. Nintendo nayo, kabla ya kuijua skrini, ilianza mwaka 1889 kule Kyoto ikitengeneza karata.

Kwetu sisi mlango ulikuwa nyoka wa Nokia, aliyeingia kwenye simu mwaka 1997. Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa akimlisha nyoka wake huku sisi tukifanya zoezi. Nyoka akijigonga, darasa zima tulijua kwa kumtazama mwalimu usoni.

"Gemu na kamari ni kitu kimoja"

Hapa mama mdogo alikaza, na simlaumu. Mitaani kuna mashine za bonanza, zile za kutumbukiza sarafu taa zikaanza kuzunguka, na mara nyingine imewekwa duka la pili tu kutoka banda la gemu. Mtu anayepita na kikapu chake cha sokoni anaona vijana, anasikia kelele, anaona kitu kinachowaka. Atatofautisha vipi?

Tofauti ni nani anayeamua matokeo. Kwenye bonanza mashine ndiyo inayoamua. Kazi yako iliishia pale ulipotumbukiza. Kwenye gemu ya mpira, aliyefanya mazoezi anamfunga asiyefanya, leo, kesho na wiki ijayo. Hela unayotoa ni ya muda, kama unavyolipia benchi kwenye kibanda umiza kutazama mechi. Sheria nayo inavitenga: michezo ya kubahatisha ina bodi yake na sheria yake ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuicheza.

Ila nikiishia hapo nitakuwa nimemdanganya. Kila banda nililolijua lilikuwa na kanuni moja: anayefungwa ndiye anayelipa. Ukiitazama vizuri, hiyo tayari ni nusu ya dau. Kisha wanatokea wawili wanaochukiana, wanaweka elfu mbili mbili chini ya padi, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea, na hapo hatuzungumzii tena gemu. Kaka alilipiga marufuku hilo. Akiwa hayupo, mimi sikulikataza kila mara. Na kijana aliyetoka kubeti, mkeka wake umechanika kwa timu moja, hufika bandani akitafuta pa kurudishia hela.

Halafu kuna kamari ambayo haiko bandani kabisa, imo ndani ya gemu yenyewe. Unauziwa paketi bila kujua ndani yake yumo mchezaji gani. Unanunua, unafungua, unakuta beki wa timu usiyoijua, unanunua nyingine. Ubelgiji mwaka 2018 ilitamka kwamba huko ni kucheza kamari, na kufikia mwanzoni mwa 2019 kampuni ya EA, watengenezaji wa gemu ya mpira ya FIFA, ikaacha kuwauzia Wabelgiji pointi za kununulia paketi hizo. Kijana anayecheza PS2 ya bandani, ile mashine ya gemu ya zamani, hayafikii mambo haya hata akitaka. Anayeyafikia ni yule aliyetulia sebuleni na simu nzuri, ambaye kila mtu anamsifu kwamba hatoki nyumbani.

Nikamuuliza mama mdogo ni nani mwingine anayeijua namba yake ya siri ya kutumia pesa kwenye simu. Akageuza mkaa kwanza.

"Zinawafundisha ukatili"

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa matokeo ya kuchunguza vijana wapatao elfu moja wa Uingereza, wa miaka 14 na 15. Hawakutegemea maneno ya vijana peke yake. Tabia zao waliwauliza wazazi. Hawakuona uhusiano kati ya kucheza gemu za mapigano na ugomvi. Wapo watafiti wengine wanaoendelea kubishana juu ya hasira ndogondogo, lakini ile picha ya mtoto kuinuka kwenye kiti akiwa jambazi haikuonekana kwenye matokeo hayo.

Swali ambalo sikuwahi kuulizwa bandani, hata mara moja, ni hili: hii gemu ni ya umri gani? Grand Theft Auto: San Andreas, gemu ya majambazi wa mjini, ilipotoka mwaka 2004, kasha lake la Ulaya lilikuwa na namba 18 mbele. Kwetu kasha halikufika. Ilifika CD iliyochomwa, jina limeandikwa kwa kalamu ya mafuta, "GTA", basi. Onyo la mtengenezaji lilibaki njiani, na aliyetakiwa kulisimamia pale mlangoni alikuwa mimi, kijana wa miaka 19 niliyekuwa nayo hamu kuliko wateja.

"Akishaanza hawezi kuacha"

Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa gemu kwenye mwongozo wake wa magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022. Lakini masharti yake ni mazito: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mbele ya kila kitu maishani, anaona madhara na bado anaendelea, na kwa kawaida hali hiyo imedumu miezi 12 au zaidi. Kuchelewa kurudi na maziwa siku mbili hakumo. Wazee wanacheza drafti kwa vizibo vya soda tangu asubuhi hadi jua linazama nyuma ya milima, na sijamsikia mtu akiwapeleka kuombewa.

"Wasichana hawachezi"

Pac-Man ya mwaka 1980 ilibuniwa na Toru Iwatani makusudi ili kuwavuta wanawake, kwa sababu kumbi za gemu za Japani zilikuwa zimejaa wanaume watupu. Jirani zetu Kenya wana Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, aliyesajiliwa na timu ya nje mwaka 2018 kwa ngumi zake kwenye Tekken, gemu ya mapigano. Mama mdogo naye huyo hapo na peremende zake.

Bandani kwetu alikuja binti mmoja na kaka yake. Akawafunga watatu mfululizo. Wa nne alikataa kucheza naye, wa tano akatoa neno ambalo sitaliandika, na hatukumuona tena. Watu walisema hapendi gemu.

"Hakuna maisha huko," na dada yake, "nitatoka kupitia huko"

Hizi mbili ni za kutazama pamoja. Wazazi wanasema ya kwanza, vijana ya pili. Kwenye Michezo ya Asia ya Hangzhou, mwaka 2023, gemu zilitolewa medali rasmi, na timu ya Korea Kusini iliyochukua dhahabu ya League of Legends, gemu ya mapambano ya timu kwa timu, nyota wao Faker akiwemo, ikapata msamaha wa kutumikia jeshi kama wanariadha wengine wa dhahabu. Jaribu kumwambia afande wa JKT kwamba unaomba ruhusa kwa ajili ya gemu.

Lakini hao ni wachache wa wachache, na wana intaneti isiyokatika katikati ya pambano. Niliowaona mimi wakipata riziki walipitia mlango mwingine. Mmoja alichoka na padi zinazokufa akaanza kuzifungua mwenyewe. Leo anatengeneza simu pale Kabwe, na ana foleni.

Mdogo wangu nilizungumza naye, maana ndicho nilichoitiwa. Nilimuuliza anacheza nini, na nani, nani analipa. Akanijibu vyote bila kujificha, kisha akanitambia kwamba mimi hanichelei. Tumepanga Jumamosi. Mama mdogo alinisindikiza hadi kituoni, namba ya siri ameshaibadilisha, na kabla daladala haijaondoka akanisogezea simu dirishani: amekwama, hatua hii inapitwaje?