Mwalimu, Yule Mtoto Haangalizii Kweli?

Swali hili huja raundi ya tatu au ya nne. Asubuhi hakuna aliyemjua mtoto. Inapofika saa sita ameshawafunga watu watatu, mmoja wao mtu mzima aliyeanza kucheza tangu chuoni. Hapo mzazi au mshiriki hunisogelea mezani, huinama na kuninong'oneza: "Mwalimu, yule mtoto haangalizii kweli?" Aliyesoma shule zetu anajua kuangalizia ni kuchungulia karatasi ya mwenzio. Kwenye sataranji ya leo kinachochunguliwa ni simu.

Nafundisha sataranji na kusimamia mashindano madogo hapa Tanga, ya shule na ya mtaani. Swali hilo linastahili jibu refu kuliko lile ninalotoa nikiwa nimeshika karatasi za matokeo. Kwa kifupi, ukumbini wizi wa kutumia simu ni mchache kuliko watu wanavyodhani. Kwenye intaneti ni mwingi kuliko wachezaji wanavyopenda kukubali. Shutuma ni nyingi kupita vyote viwili, na hizo ndizo zinazonisumbua zaidi.

Wenye hofu siwalaumu. Mei 1997 kompyuta ya IBM iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia, kwa pointi 3.5 kwa 2.5. Wakati ule ilihitajika mashine kubwa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Leo Stockfish, injini (yaani programu ya kucheza sataranji) ya bure iliyoanza kutolewa 2008, inaingia kwenye simu ya kawaida, na hakuna binadamu anayeiweza. Mwanafunzi aliyekaa mbele yako na simu mfukoni amebeba mchezaji hodari kuliko Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa zamani.

Na wapo wakubwa waliojaribu. Mwaka 2010, kwenye Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi, mtu mmoja alikaa kwao Ufaransa akifuatilia mchezo wa Sébastien Feller, mchezaji wa timu ya Ufaransa, kwa kompyuta, akawa anatuma ujumbe kwa simu ya kocha aliyekuwa ukumbini. Kocha alikwenda kusimama karibu na meza fulani, na meza aliyoichagua ndiyo iliyomwambia Feller kete iende wapi. Mchezaji mwenyewe hakushika simu. Wote watatu walifungiwa. Mwaka 2015 huko Dubai, simu ya Gaioz Nigalidze ilikutwa chooni imefichwa kwa karatasi. Mwaka 2019 huko Strasbourg, Igors Rausis, mzee wa miaka 58 ambaye reitingi yake, yaani namba inayopima nguvu ya mchezaji, ilikuwa inakaribia 2700, alipigwa picha akiwa chooni na simu. Hao wawili wa mwisho walivuliwa cheo cha grandmasta, kile cha juu kabisa cha wachezaji.

Angalia kinachohitajika katika visa hivyo: mtu wa nje, au maficho, au safari za chooni zisizokwisha. Vyote huonekana kwa macho. Mashindano yetu yana watoto thelathini kwenye chumba kimoja, mimi napita kati ya meza, na zawadi ni kombe dogo na madaftari. Sheria ya FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, ni kali: mchezaji akikutwa na simu mwilini ndani ya eneo la mchezo bila ruhusa, amepoteza mchezo hata kama hakuitazama. Kwa miaka yote niliyosimamia, nimewatoa watatu kwa kosa hilo. Wawili simu zao ziliita tu. Mmoja ndiye niliyemkuta ameiwasha.

Wizi ninaouona kila mashindano hauna betri. Umetoka barazani.

Kaa jioni kwenye baraza lolote la bao pale Ngamiani. Bao lina mashimo 32 na kete 64, sataranji ina miraba 64 na kete 32, utadhani michezo hii imepokezana hesabu. Lakini bao la barazani ni mchezo wa kikao kizima. Mchezaji ameshika kete, mzee pembeni anaguna, mchezaji anarudisha mkono na kufikiri upya. Wa tatu anataja shimo. Wa nne anacheka kabla kete hazijafika mwisho, na kicheko chake ni ushauri. Kwenye drafti ni hivyohivyo. Hakuna anayeona ni wizi, na sisemi ni wizi, kwa sababu utamu wa baraza ni huo wa watu wote kucheza kwa mikono miwili ya mtu mmoja.

Sasa mtoto aliyekulia hapo anakaa kwenye sataranji, ambako sheria inakataza mchezaji kupokea ushauri wa aina yoyote. Baba yake amesimama hatua tatu nyuma, anakohoa mtoto akigusa farasi. Nimeshuhudia mjomba akipita nyuma ya meza na kusema neno moja la Kidigo, akiamini mwamuzi hatalielewa. Kidigo nimekulia nacho, nikamwomba atoke nje. Alikasirika kwa dhati, maana moyoni mwake alikuwa anamsaidia mtoto wa dada yake. Siku hizi, kabla ya raundi ya kwanza, natumia dakika kumi kuzungumza na wazazi peke yao, nawaeleza kwamba kikohozi barazani na kikohozi hapa si kitu kimoja. Dakika hizo zimepunguza wizi kuliko upekuzi wowote niliowahi kufanya.

Yapo na mengine ya zamani. Mtu anagusa kete, anaona kosa, anadai hakuigusa ili asilazimike kuicheza. Marafiki wanapanga sare raundi ya mwisho ili wagawane nafasi. Umri unafojiwa: mtoto wa kundi la chini ya miaka 12 analetwa na cheti cha kuzaliwa kilichotoka mwezi uliopita. Jirani zetu Kenya walipata kisa kilichozunguka dunia nzima. Aprili 2023, kwenye mashindano ya wazi ya Kenya jijini Nairobi, kijana wa kiume wa miaka 25 alijiandikisha kwa jina la kike, akavaa nikabu na kucheza kundi la wanawake. Alikuwa hasemi na mtu, viatu vyake vilitia shaka, na alikuwa hodari mno kwa mchezaji asiyejulikana. Alipoulizwa alikiri na kusema shida ya fedha ndiyo iliyomsukuma. Injini haikuhusika hata kidogo.

Intaneti ni habari nyingine. Hapo hakuna mwamuzi wa kupita kati ya meza, mchezaji yuko chumbani na simu mbili. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani na Uviko, Chess.com, tovuti ya kuchezea sataranji, ilisema inafunga zaidi ya akaunti 500 kila siku kwa udanganyifu. Kenneth Regan, profesa wa Chuo Kikuu cha Buffalo anayechunguza kesi hizi kwa hesabu, alisema mwaka huo kwamba siku moja ilikuwa inamletea kazi ya mwaka mzima wa kabla ya janga. Baadaye, katika ripoti ya 2022, Chess.com ilikadiria kwamba wanaodanganya hawafiki asilimia 0.14 ya wachezaji wake. Watu hunishika kwa namba hizi, kila mmoja na yake, kulingana na anachotaka kuamini. Hazipimi kitu kimoja: ya kwanza inahesabu akaunti zilizofungwa, ya pili inakadiria sehemu ya wachezaji. Akaunti 500 kwa siku ni karibu 180,000 kwa mwaka, lakini wakati ule tovuti ilikuwa tayari na wanachama makumi ya mamilioni.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa kati ya waliofungiwa. Alinijia mwenyewe, ana miaka kumi na mitano, hawezi kunitazama usoni. Alikuwa anacheza usiku kwa bando la usiku, akapoteza michezo sita mfululizo, reitingi ikashuka. Mchezo wa saba akachukua simu ya dada yake aangalie hatua moja tu, pale alipokwama. Kesho yake hatua tatu. Wiki ya pili alikuwa hawezi tena kusogeza kete bila kuiuliza ile simu, hata hatua anazozijua. Hakuna aliyempa zawadi wala kumpigia makofi, alikuwa analinda namba kwenye kioo. Nilimwambia tuanze upya na ubao wa mbao, na miezi sita hatukugusa mchezo wa mtandaoni.

Namna tovuti ilivyomgundua inafaa kuelezwa, kwa kuwa wengi wanadhani ni kwa uzuri wa hatua. Kwanza ni muda. Mtu halisi akiliwa farasi na kuna njia moja ya kumlipiza, anajibu kwa sekunde moja. Akifika njia panda, anakaa dakika mbili. Anayeiga injini anapeleka hatua, anasubiri jibu, anairudisha, na kila hatua inachukua sekunde nane au kumi, nyepesi na ngumu sawasawa. Kisha kuna mfululizo: michezo arobaini, si mmoja. Njia ya Regan inalinganisha hatua za mchezaji na zile ambazo injini ingezichagua, halafu inauliza kama mtu wa reitingi ile angetarajiwa kulingana nayo mara nyingi kiasi hicho.

Ile asilimia ya usahihi inayoonyeshwa mchezo ukiisha, ambayo wazazi hunipigia picha na kunitumia WhatsApp, haithibitishi kitu peke yake. Mpinzani akikupa malkia wake bure hatua ya saba, hatua nzuri zinazofuata anaziona hata mtoto wa darasa la tatu, na unamaliza na asilimia 96 bila msaada wa mtu.

Na hata kipimo kizuri kina mtego wake. Naomba msomaji aende nami taratibu hapa, ndipo penye uzito. Chukua wachezaji 10,000. Kwa kadirio la asilimia 0.14, wezi ni 14. Tuseme una kipimo kinachowanasa wote 14, na kinamkosea mtu safi mara moja tu katika 100. Watu safi ni 9,986, kwa hiyo kipimo kitawagusa karibu 100 kati yao. Sasa una washukiwa 114, na wezi ni 14: mmoja kati ya wanane. Saba waliobaki ni watu waliocheza vizuri siku ile. Ndiyo sababu wanaojua kazi hii hudai ushahidi mzito mno kabla ya kutaja jina. Jicho la mzazi kwenye raundi ya tatu halifiki hata kwenye usahihi wa kipimo hicho.

Ngazi za juu nako mambo yamekwenda mrama. Septemba 2022, Carlsen alifungwa na Hans Niemann huko St. Louis, Marekani, akajitoa kwenye mashindano, na dunia nzima ikaelewa anamtuhumu. Niemann alikiri kudanganya mtandaoni akiwa na miaka 12 na tena akiwa na 16, lakini ushahidi kwamba aliiba kwenye mchezo ule wa mezani haukupatikana. Desemba 2023 FIDE ilimtoza Carlsen faini ya euro 10,000 kwa kujitoa bila sababu halali. Kijana kubeba historia mbaya ya mtandaoni hakumfanyi kuwa mwizi wa kila ushindi, na jambo hilo nalirudia sana kwa wanafunzi wangu, hasa kwa ajili ya yule mmoja.

Nalirudia pia kwa sababu nimewahi kumkosea mtu. Miaka kadhaa nyuma alikuja binti wa Pongwe, miaka kumi na mitatu, amepanda daladala peke yake na mkoba wa shule. Alimfunga mtu mzima raundi ya pili. Raundi ya nne mtu mwingine, aliyekuwa anaelekea kushindwa, alisimama na kupaza sauti kwamba binti ametoka nje mara mbili. Ukumbi ukageuka. Mimi ndiye niliyekuwa mwamuzi, na badala ya kusimamisha saa na kumwita pembeni na mwanamke mmoja wa kamati, nilimwomba afungue mkoba palepale. Ulikuwa na daftari, kanga na mfuko wa mihogo ya kukaanga. Simu hakuwa nayo, na kwao ilikuwepo moja ya mama. Mchezo ulirudi, akacheza vibaya, akashindwa. Hakuja mashindano yaliyofuata, wala yale mengine.

Tangu siku hiyo nina kikapu cha ukili mlangoni. Kila simu huingia imezimwa, ya mchezaji na ya mzazi anayetaka kukaa ndani, na mwenyewe hupewa karatasi yenye namba. Yangu hutangulia. Mwenye shaka husimamisha saa, hunyoosha mkono, tunatoka nje mimi na yeye, ananieleza, na mpinzani wake haambiwi neno. Mimi husogea karibu na meza ile raundi nzima. Mchezo ukiisha nakaa na mtuhumiwa kama ninavyokaa na mshindi yeyote, namuuliza hapa ulifikiri nini, na hapa kwa nini ngome na si farasi. Aliyezitoa hatua kichwani mwake huanza kueleza kabla sijamaliza kuuliza, na mara nyingi hunionyesha hatua nyingine aliyoikataa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Pongwe. Nilimkuta kaka yake dukani, akaniambia dada yake bado anacheza, jioni, kizingitini, kwa ubao waliouchora kwenye boksi. Yeye alikuwa shuleni. Nimemwachia fomu ya mashindano ya mwezi ujao, na nyuma yake nimeandika kwa mkono wangu kuomba radhi.