Kabla ya Utabiri Kuna Mwangazi: Kazi za Sayansi ya Anga na Maji Mkoani Kigoma

Mvuvi wa Kibirizi anapofungua simu jioni, kabla ya kuwasha injini, anasoma mistari michache tu: upepo, mawimbi, mvua, na angalizo kama lipo. Mistari hiyo imepita mikononi mwa watu wengi, na karibu wote hawajawahi kuonekana kwenye televisheni. Nawaandikia vijana wa Kigoma na wazazi wao kuhusu watu hao, kwa sababu kila ninapotembelea sekondari zetu naulizwa swali lile lile: "Kumbe hali ya hewa ni kazi ya kusomea?" Wanaouliza wanaishi mji mmoja na Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa, chuo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambacho mikoa mingine yote huleta vijana wake hapa.

Nianze na mwangazi, maana bila yeye wengine wote hawana cha kufanyia kazi. Mwangazi ndiye anayepima na kuandika hali ya anga kituoni. Vipimo vikuu huchukuliwa saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri, saa 3 usiku na saa 9 usiku kwa saa zetu. Saa hizo hazikuchaguliwa kwa ajili ya Tanzania. Ni muda mmoja kwa dunia nzima, hivyo mwangazi wa Kigoma anapoinama kusoma kipimajoto, mwenzake wa Bujumbura na wa Tokyo naye anasoma wakati huo huo, wa pili akiwa tayari asubuhi wakati sisi ni saa 9 usiku. Vipimo vyote vikikusanywa pamoja ndipo kompyuta kubwa zinapopata picha moja ya anga la dunia. Kituo kimoja kikilala, picha ina tundu.

Wengi mmekiona kile kibanda cheupe chenye miguu katikati ya uwanja wa majani. Weupe wake unarudisha jua, na mbao zake zimepangwa kwa mwanya ili hewa ipite bila mwanga kuingia, kwa sababu tunapima joto la hewa, si joto la jua. Ndani kuna kipimajoto cha kawaida, na pembeni yake kipo kingine ambacho tumbo lake limevikwa kitambaa kilicholowa. Cha pili husoma chini kuliko cha kwanza. Ni jambo unalolijua kwa mwili wako: ukitoka kuoga ziwani, hata jua likiwa kali, unasikia baridi, kwa sababu maji yanapokauka hubeba joto. Hewa ikiwa kavu, maji hukauka haraka na tofauti ya vipimajoto viwili huwa kubwa. Hewa ikijaa unyevu, vinakaribiana. Kwa tofauti hiyo tunajua unyevu uliopo hewani. Mwanafunzi hufundishwa pia kusoma desimali kwanza, kisha nyuzi kamili, kwa sababu joto la mwili wake mwenyewe linaanza kukisukuma kipimo mara tu anapofungua mlango.

Vipimajoto vya zebaki vinaondolewa duniani kufuatia Mkataba wa Minamata, na mitambo inayojipima yenyewe inaongezeka. Vijana huniuliza kama mitambo hiyo itamaliza kazi. Mimi nasema inabadilisha kazi. Mtambo hauoni kwamba buibui amejenga ndani ya kipima mvua. Anayeona ni mtu, na mtu huyo sasa anatakiwa kujua umeme na kompyuta pamoja na mawingu.

Nikiwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo niliacha bila kujaza kisanduku cha mvua kwenye fomu ya vipimo kwa siku tatu ambazo haikunyesha. Niliona hakuna cha kuandika. Msimamizi wangu aliniita akaniuliza: "Haikunyesha, au hukupima?" Sikuwa na jibu ambalo lingeweza kuthibitishwa na karatasi. Sifuri ni kipimo. Kisanduku kitupu ni siku iliyopotea, na miaka 30 baadaye mtu anayetafuta mwenendo wa ukame hataweza kuirudisha.

Data hizo humfikia mtabiri. Kigoma ina rada ya hali ya hewa, miongoni mwa rada zilizofungwa sehemu mbalimbali za nchi, na rada inaonyesha mvua inayotembea angani kabla haijafika. Mtabiri huweka pamoja rada, picha za setilaiti, matokeo ya kompyuta na vipimo vya waangazi, kisha anaamua: hili ni angalizo, tahadhari, au tahadhari kubwa? Ni uamuzi mzito. Ukitoa tahadhari kwa kila wingu, watu wataacha kukusikiliza, na ukinyamaza siku moja isiyofaa, kuna mitumbwi itakayokuwa katikati ya ziwa. Uwanja wa ndege nao una waangazi wake, kwa sababu rubani hapai wala hatui bila taarifa ya upepo, mgandamizo wa hewa na uwezo wa kuona mbali. Wapo pia mafundi wa mitambo, watunza kumbukumbu na wataalamu wa tabianchi wanaotoa utabiri wa msimu, ambao kwa Kigoma na Tabora unahusu mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili.

Sasa tushuke ziwani. Ukiniuliza ni wapi Kigoma inahitaji vichwa vya vijana kuliko kwingine, nitasema ni hapa ambapo anga linakutana na maji.

Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika takriban mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Lakini samaki wanaishi kwenye tabaka la juu tu. Chini ya mita 100 hadi 200, kutegemea uko kaskazini au kusini mwa ziwa, hakuna oksijeni. Huko chini ndiko rutuba ilikozama, na anayeipandisha ni upepo. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na kusukuma maji ya juu yenye vuguvugu kuja upande wetu wa kaskazini, na kule kusini maji baridi yenye rutuba hupanda. Upepo ukitulia, matabaka huyumba kama maji kwenye beseni lililosukumwa. Mwani hupata chakula, vijidudu vinakula mwani, dagaa wanakula vijidudu, na migebuka wanakula dagaa.

Tofauti ya joto kati ya juu na chini ni nyuzi chache tu. Maji ya juu yakizidi kupata joto, matabaka yanagoma kuchanganyika. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kwamba ongezeko la joto na kupungua kwa upepo vimepunguza uzalishaji wa chakula cha samaki katika ziwa hili. Kwa hiyo mtafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, ambayo ina kituo chake hapa Kigoma, anapozamisha chombo cha kupima joto na oksijeni, anauliza swali ambalo nusu yake ni la hali ya hewa. Serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, kaya nyingi zilibana mkanda. Maamuzi ya namna hiyo yanastahili vipimo vingi na vya miaka mingi, na vipimo vinahitaji watu.

Bahari nayo iko karibu kuliko ramani inavyoonyesha. Mwaka 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko kawaida, na mvua kubwa zikafuata Afrika Mashariki. Ziwa letu hupoteza maji zaidi kwa kukauka kuelekea angani kuliko kwa Mto Lukuga, unaoyatoa ziwani kule Kalemie, Kongo, kwa hiyo mvua zikizidi miaka mfululizo, maji hupanda na kula mwambao. Tuliyaona. Anayetaka kusomea bahari yenyewe atakwenda Zanzibar, kwenye Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mlango wa kuingilia ni Hisabati na Fizikia. Wanafunzi wanaoacha Fizikia kidato cha tatu wanajifungia wenyewe, mara nyingi bila mtu wa kuwaambia, na jambo hili linaniuma. Jiografia husaidia, na Baiolojia na Kemia ni za lazima kwa anayetaka ziwa. Chuo chetu kina ngazi ya cheti na stashahada, na shahada ya hali ya hewa ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sifa za kujiunga zisomwe kwenye mwongozo rasmi wa mwaka husika, na nafasi za kazi serikalini hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Wasichana wasisite: Dkt. Agnes Kijazi aliiongoza taasisi ya hali ya hewa ya nchi hii kwa zaidi ya miaka kumi. Dkt. Ladislaus Chang'a, naye wa taasisi hiyo hiyo, mwaka 2023 alichaguliwa kuwa makamu mwenyekiti wa Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC).

Mwanafunzi asiyetaka kusubiri chuo atafute kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako vikiwa na upana mmoja. Aliweke wazi, mbali na mwembe na mbali na paa, alikaze lisiangushwe na kuku. Kila siku saa 3 asubuhi achovye rula, asome milimita, amwage, aandike tarehe na kipimo. Milimita moja ni lita moja ya maji kwa kila mita mraba ya shamba la mama yake. Siku ambayo haikunyesha, aandike 0.