Nyota zilishapimwa, tena kwa haki

Kuna hii kauli haifi, eti wanasayansi wanaponda unajimu bila hata kuujaribu. Sio kweli jamani. Mwaka 1985 Shawn Carlson, mwanafizikia wa Marekani, alichapisha jaribio lake kwenye jarida la Nature, na kilichonifurahisha mimi ni kwamba wanajimu wenyewe walishirikishwa kulipanga na wakakubali masharti, hawakuviziwa.

Kazi ilikuwa hivi: mnajimu anapewa chati ya nyota ya mtu asiyemjua, imechorwa kwa tarehe, saa na mahali alipozaliwa, halafu anawekewa karatasi tatu za majibu ya dodoso la tabia, moja ya huyo mtu na mbili za watu wengine kabisa, achague ipi ni yake. Hakuna kuonana uso kwa uso na hata msimamizi hajui jibu, maana ukikaa na mteja unamsoma tu, pete kidoleni, macho mekundu, kiatu kimeisha soli, nusu ya kazi imeshaisha hapo. (Na mtu yeyote ukimwambia "una roho nzuri ila watu hawakuelewi" atakubali, hata mimi nakubali.)

Sasa ukibahatisha kwenye tatu unapata theluthi moja. Wanajimu walisema watafikisha angalau nusu, wakaishia pale pale kwenye theluthi. Baadaye wapo waliobishana na mahesabu yake, na ubishi huo nao ukachapishwa.