Sumu ya risasi hupitia mikononi: tahadhari kwa wanaojifunza kulehemu

Vijana wengi wa Mtwara na Lindi wanaoingia katika ufundi wa redio, simu na taa za sola hujifunzia kibandani kwa fundi, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Tunachokikuta sisi wakaguzi wa usalama na afya mahali pa kazi, kuanzia Mtwara Mjini hadi Masasi na Nachingwea, ni kijana anayegeuza uso kuukwepa moshi, kisha muda mfupi baadaye anakula muhogo kwa mikono ileile iliyoshika uzi wa risasi, yaani waya laini wa metali unaoyeyushwa kuunganishia vifaa, bila kunawa.

Chanzo cha kosa hilo la kuogopa moshi na kusahau mikono ni jina lenyewe. Uzi ambao mafundi huuita risasi ni mchanganyiko: ule wa 60/40 una bati asilimia 60 na risasi asilimia 40, na ule wa 63/37 huyeyuka kwa nyuzi 183 za Selsiasi. Ncha ya chuma cha kulehemu huwa na joto la nyuzi 350 hivi, ilhali risasi haichemki mpaka ipite nyuzi 1,700; kwa hiyo moshi mweupe unaouona si wa risasi bali wa flaksi, yaani utomvu wa msonobari uliomo ndani ya uzi huo. Moshi huo nao si wa kupuuzwa, kwa kuwa ukivutwa siku baada ya siku huwasha macho na koo na unaweza kuleta pumu, ndiyo maana tunashauri feni ndogo iuvute pembeni. Risasi yenyewe hubaki vidoleni, mezani na kwenye nguo, na humwingia mtu kupitia chakula, sigara au mazoea ya kuushika uzi kwa meno mikono yote miwili inapokuwa na kazi.

Naomba hili lieleweke, maana dai kwamba maziwa huondoa sumu hii linarudiwa kila tunapokutana na mafundi: maziwa hayaondoi risasi mwilini. Kinga ni maji na sabuni kabla ya kula, na nguo za kazi zisizofika nyumbani, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi.

Vilevile, mwanafunzi asikubali kuambiwa kwamba vipande vya betri ya gari au chubwi la mvuvi vinatosha kuwa lehemu. Risasi tupu huyeyuka kwa nyuzi 327, haishikamani vizuri na shaba, na kuyeyusha mabamba ya betri kwenye jiko la mkaa hutawanya vumbi lenye sumu katika mtaa mzima.

Kuhusu kazi yenyewe, mguu wa kifaa na shaba ya saketi vipashwe moto pamoja, kisha uzi uguse kiungo, si ncha. Hapa pwani hewa ya chumvi huacha kutu ya kijani kwenye saketi. Isafishwe kwanza, kwani kuongeza joto huunguza flaksi na kuzidisha moshi huohuo unaokimbiwa.

Wenye vibanda wakumbuke kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inataka sehemu ya kazi isajiliwe, na inamtaka mwajiri ahakikishe wafanyakazi wake wanapimwa afya. Mkaguzi akikuta kasoro hutoa hati ya maboresho yenye muda maalumu. Hatari ikiwa ya papo hapo, hutoa hati ya katazo inayosimamisha kazi, na anayeikaidi hufikishwa mahakamani. Hata hivyo, tunapoingia kibandani hatuanzi na makaratasi. Tunaanza kwa kutazama kama kuna ndoo ya maji na kipande cha sabuni karibu na meza.