Mtandamboo au msunguti? Anza na mmea kabla ya ugonjwa

Wengi wakishika kitabu cha mitishamba huanza na faharasa ya magonjwa. Mtu anasumbuliwa na tumbo, anatafuta "tumbo", anakuta orodha ya mimea kumi, anachagua ule ambao jina lake amewahi kulisikia, kisha anatoka na jembe. Sisi ambao kazi yetu ni kutambua mimea tunaomba asome kinyume chake. Athibitishe kwanza mmea ni upi. Ugonjwa utasubiri kurasa mbili tatu.

Chukua mtandamboo. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha dawa cha Babu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi. Mti uliochemshwa ulitangazwa kwa jina la mugariga. Ndio huo ambao kwa Kiswahili huitwa mtandamboo na Wamasai huuita olamuriaki. Baada ya kikombe, wapo walioamua kujichimbia wenyewe, na hapo ndipo mashaka yanapoanza.

Kitabu kizuri kitakueleza hivi kuhusu mtandamboo: kichaka chenye majani mabichi mwaka mzima, yaliyokaa mawilimawili yakitazamana, ukikata tawi linatoa utomvu mweupe, maua ni meupe yenye wekundu kwa nje na yananukia, matunda hugeuka kutoka mekundu kuwa meusi. Sasa soma habari za msunguti. Majani yanatazamana, utomvu ni mweupe, maua ni meupe yenye wekundu na yananukia, matunda yakiiva yana rangi ya zambarau iliyokolea. Ni ndugu wa ukoo mmoja. Ila magome na vijiti vya msunguti ndivyo vilivyochemshwa na Wagiriama, Wakamba na wawindaji wengine wengi wa Afrika Mashariki kupata sumu ya kupaka mishale. Kiini cha sumu hiyo, ouabaini, kilitengwa na mkemia Mfaransa Arnaud mwaka 1888 kutoka kwenye mmea wa jamii hiyohiyo. Kinashambulia moyo.

Tofauti iliyo wazi zaidi kwa macho ni miiba: mtandamboo unayo, msunguti hauna. Lakini dawa inayotafutwa ni mzizi, na mzizi hauna miiba, hauna jani wala ua. Ukishakatwa vipande, ukakaushwa na kufungwa kwenye gazeti sokoni, hakuna picha ya kitabu utakayoweza kuulinganisha nayo. Kwa sababu hiyo siwezi kumshauri mtu anunue mzizi kwa muuzaji asiyemjua halafu ategemee kitabu kimlinde.

Majina ya kisayansi husaidia, mradi usome maneno yote mawili ya jina. Vitabu vya zamani huuita mtandamboo Carissa edulis; siku hizi jina linalokubalika ni Carissa spinarum. Msunguti ni Acokanthera schimperi, lakini katika karne ya 19 uliwahi kuandikwa kama Carissa schimperi. Kwa hiyo anayekumbuka "Carissa" peke yake, kisha akasoma andiko la zamani, anaweza kujikuta kwenye mti wa sumu bila kujua amekosea. Tazama mwaka kitabu kilipochapwa, halafu hakiki jina kwenye tovuti ya Plants of the World Online ya bustani ya Kew, Uingereza. Haina malipo. Programu za simu zinazotambua mmea kwa picha ni za kuanzia tu. Jibu lake lisikupeleke jikoni.

Ukishaujua mmea, uliza kitabu kinaongelea sehemu ipi. Shubiri ni mfano mzuri, kwa kuwa karibu kila nyumba ina kopo lake. Katika juzuu la kwanza la maelezo ya mimea dawa lililotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1999, shubiri ina sura mbili tofauti. Moja inahusu maji ya njano, machungu, yanayochuruzika jani likikatwa: hayo ni dawa ya kumfanya mtu aharishe, ya muda mfupi kwa aliyefunga choo, na yamekatazwa kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto walio chini ya miaka 10. Mtu anayetumia digoksini kwa ajili ya moyo naye aogope, maana kuharisha hupunguza potasiamu mwilini na dawa hiyo ikawa kali kupita kiasi. Sura ya pili inahusu ute wa ndani ya jani, ule unaopakwa kwenye ngozi. Jani ni lilelile moja, na anayelisaga lote kwenye blenda amechanganya sura zote mbili.

Maelezo hayo ya Shirika la Afya Duniani yana jambo jingine ninalolipenda. Matumizi yamegawanywa katika ngazi tatu: yanayoungwa mkono na majaribio kwa wagonjwa, yaliyoandikwa katika vitabu rasmi vya dawa na mifumo ya tiba asili, na yale yanayosemwa na watu bila ushahidi. Kwa ute wa shubiri, chini ya ngazi ya kwanza wameandika kwamba hakuna. Vitabu vingi vya mitishamba havina mgawanyo huo. Vinarekodi kwamba jamii fulani hutumia mzizi fulani kwa homa, na hiyo ni kazi ya maana sana ya kuhifadhi maarifa, lakini si sawa na kusema homa inapona. Aliye kwenye ARV, dawa za kisukari au za shinikizo la damu asipunguze hata kidonge kimoja kwa sababu ya mstari wa namna hiyo. Amwambie daktari wake anakunywa nini.

Ukikwama kwenye utambuzi, leta sampuli. Kata tawi lenye majani pamoja na ua au tunda, lilaze kati ya kurasa za gazeti, weka kitu kizito juu na ubadilishe gazeti likilowa. Andika mahali ulipolikata, urefu wa mmea, rangi ya ua likiwa bichi, kama linatoa utomvu, na jina wanaloliita wenyeji. Jani moja kavu mfukoni halitoshi. Makusanyo makubwa ya mimea iliyokaushwa yapo Arusha, na Nairobi kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Vyuo vikuu vyenye idara za botania pia husaidia.

Na kama mtu ameshakunywa na hali inabadilika, anatapika, moyo unakwenda ovyo, anaona kizunguzungu, mwahisheni hospitali bila kumtapisha. Bebeni sufuria na masalia yote ya mizizi au majani yaliyochemshwa. Jina mlilotajiwa sokoni mnaweza kumwambia daktari, ila masalia ndiyo yatakayochunguzwa.